Sikio la Kushoto la Paka

Katika mtaa huu hakuna mchoraji wa wanyama anayenifikia. Simba niliyemchora mlangoni pa duka la magodoro aliwahi kumfanya mtoto wa mtu ajikojolee palepale. Sasa niseme ukweli kabla hujaniamini sana: mchoraji wa wanyama mtaani niko peke yangu, mtoto yule alikuwa amebanwa tangu kwao, na simba mwenyewe sijawahi kumwona. Nilimchora kwa kukumbuka uso wa marehemu mume wangu akiwa na njaa.

Nilisoma mpaka darasa la saba, nikatoka na tabia ya kuchora pembeni mwa daftari. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuta: tembo kwa muuza matairi, chui saluni, na twiga wa shule ya chekechea ambaye shingo ilinizidi hesabu, kichwa ikabidi kikae darini. Magoti yalipokataa ngazi, nikahamia kwa wanyama wanaokaa kitini. Paka, mbwa, sungura, na siku moja kasuku aliyenitukana kuanzia saa tatu hadi saa saba, mwenye kasuku akaapa hajui matusi hayo kayatoa wapi.

Nina sharti moja. Sichori kwa kutazama picha ya simu. Mnyama aje mwenyewe, na mwenye mnyama akae naye, maana mnyama akiachwa kwa mgeni anakuwa na macho ya mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Nyingine siiandiki kwenye kibao: mtu akija kumshika paka wake kwangu, anakuwa amekaa kwangu. Wanangu wawili wako mbali. Mkubwa hupiga simu Jumapili, ananiuliza kama nimekula, kama nimekunywa dawa, na mtandao huko ukoje. Hilo la tatu mtandao hulijibu wenyewe kwa kukatika. Chumba changu cha mbele kina picha kumi na moja ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, mbwa wengi. Asubuhi huwa nawasalimia. Na yuko mmoja, mwenye madoa, ambaye nikishamsalimia nasubiri kidogo.

Basi akaja Fundi Saa. Kibanda chake alishakifunga, ila jina halikufungwa nacho, na mtaa mzima tunamwita hivyo. Alikuja na kikapu, ndani yake paka mweupe anayeitwa Unga, aliyeachwa na marehemu mkewe. Akanieleza shida yake akiwa amesimama, kofia mkononi. Binti yake, muuguzi katika mji mwingine, anataka akaishi naye. Nyumba iko ghorofa ya tatu, na mjukuu ana kifua kibaya, hivyo paka haruhusiwi hata kupiga chafya ngazini. Unga angebaki kwa jirani yake muuza nyama, na sikuona cha kumhurumia hapo. Yeye Fundi alitaka picha tu, ya kutundika mbele ya kitanda.

"Picha ikiisha, nahama," akasema, kama mtu anayesema mvua ikikatika natoka.

Paka mweupe ni kazi ya siku nne, tano nikijivuta. Fundi akawa anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne kamili, si dakika mbele wala nyuma. Anakaa, Unga mapajani, mimi nachora. Maneno machache. Akisema, anasema habari za saa zilizowahi kumshinda, kama mganga anavyokumbuka wagonjwa. Mara nyingi tulinyamaza. Mimi kimya nakijua vizuri, nimeishi nacho, lakini kile cha watu wawili nilikuwa nimekisahau. Kina joto kama kikombe kilichotoka kunywewa.

Siku ya tano Unga wa kwenye kitambaa alikuwa amekamilika. Fundi akauliza bado kiasi gani. Nikalitazama sikio la kushoto, sikio zuri, sijawahi kuchora zuri kama lile, nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba sikio limekataa. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaaga. Alipopinda kona nikachukua tambara lenye mafuta ya taa nikalifuta lile sikio. Lilitoka kwa utii.

Jumatatu nikalichora tena. Jumatatu hiyohiyo, alipoondoka, nikalifuta tena. Hivyo kwa miezi mitatu. Leo ukinipa kaa la moto na chandarua kwenye upepo, nitakuchorea lile sikio. Jumanne na Alhamisi ziliniwia ndefu kuliko yule twiga wangu. Nikaanza kuzungumza na paka asiye na sikio, namwomba radhi, namwambia avumilie, hata yeye akiisha atatundikwa ghorofani asikomjua mtu.

Siku moja Fundi akatoa mfukoni kile kioo chake cha kazi, kile cha kubana kwenye jicho, akainama mbele ya picha. Akakaa pale muda mrefu. Mimi nimeshika brashi kama mwizi aliyeshika kuku. Rangi iliyofutwa mara thelathini huacha alama, na mtu yule kwa kioo kile aliwahi kuona mchanga ndani ya saa ya bibi harusi. Akacheka kidogo kwa puani, akarudisha kioo mfukoni.

"Usijiharakishe, Mama Mchoraji," akasema. "Sikio ni kitu kigumu."

Sikujua nilichukulie vipi. Ila siku hiyo niliosha vyombo nikiimba, na mimi nikiimba jirani hufunga dirisha.

Ijumaa moja akaja na binti yake bila kuniambia. Mama mzima, viatu vya kazi, funguo za gari mkononi. Akaniamkia shikamoo kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya barabara. Kisha akanishika kiwiko, akaniongoza ndani ya chumba changu mwenyewe, akinitahadharisha kuna kizingiti hapa, mama, inua mguu. Kizingiti nimekiruka miaka thelathini. Akanikalisha, akanikunjia kanga magotini. Nikamtazama Fundi. Fundi akamtazama paka. Paka akanitazama mimi, na kati ya wote alikuwa yeye tu asiye na aibu.

"Pole sana na macho, mama," binti akasema, kila neno peke yake. "Baba ameniambia. Kwamba yamebaki kuona vivuli tu, na hivyo vivuli navyo ni saa nne mpaka saa sita, basi. Ndiyo maana miezi yote hii sijakulaumu."

Miaka arobaini katengeneza saa, akaona anitengenezee na macho ya kufungua na kufunga kama duka la dawa. Nilitaka kucheka. Kumbe tulikuwa wawili tunaolifuta lile sikio.

Basi nikapofuka papo hapo. Nikakodolea macho ukuta, kati ya mlango na mbwa wa madoa. Binti alipotuletea chai nikanyoosha mkono nikaikosa kwa shubiri nzima. Fundi akakohoa. Nikamuuliza binti kama aliyekaa pale ni yeye au kabati, na hapo Fundi akakohoa mpaka akapewa maji.

Binti hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kwa upole kwamba chumba kiko tayari, kitanda kimenunuliwa, na likizo yake inaisha Jumapili. Wataondoka kesho asubuhi. Picha wataichukua kama ilivyo, yenye sikio moja au mawili. Akasema akiwa zamu anafikiria tu baba yake akipasha kiporo peke yake, na mlango ukigongwa ni upepo. Ningesema nini? Maisha hayo nayajua chumba kwa chumba.

Akainuka kuitazama picha. Akasogea.

"Anayeona vivuli ndiye aliyechora sharubu hizi?" akauliza. "Moja moja?"

Fundi akasema mkono una mazoea yake. Nami nikaongeza kwamba sharubu mimi huzichora kwa kunusa. Huenda hapo nilizidisha.

Binti akainama zaidi, pua karibu iguse rangi, na hereni ikamchomoka, kitu kidogo kama punje ya mchele. Ikadunda sakafuni ikapotea. Akapiga magoti palepale na nguo yake nzuri, akawa anapapasa saruji kwa viganja vyote viwili, akisema si ya thamani, ila ni ya mama, na ya pili alizikwa nayo. Sauti ile ya mtu mzima ilikuwa imerudi utotoni. Fundi akaanza kuinuka na magoti yake yaliyochoka. Mimi nilikuwa naiona wazi tangu ilipoanguka. Nikahesabu moja, nikahesabu mbili.

"Iko nyuma ya mguu wa kiti," nikasema. "Sio huo, mwanangu, wa nyuma. Mbele ya kidole chako cha mwisho. Hiyo hapo."

Akaiokota. Akaivaa bila kioo, taratibu, akiwa bado amepiga magoti na macho kwangu, nami sikuwa tena na sababu ya kuyakwepa. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya watu walioko chumba kimoja. "Huyu mama anaona kunizidi mimi. Kwa nini umenidanganya? Hutaki kuhama?"

Fundi Saa akainamisha kichwa, akaanza kumkuna Unga chini ya kidevu, kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.