Tatu Juu ya Tatu

Ijumaa ya mwisho ya kampeni ya chanjo ya surua, saa nane mchana, Nangila alikuwa mtaa wa Tuwan, Kitale, akiwa na kipande cha chaki nyeupe mkononi. Alikuwa mwanafunzi wa afya ya jamii, mwaka wa tatu, ametumwa na chuo chake cha Kitale ajifunze kwa vitendo jinsi ya kudhibiti magonjwa ya kuambukiza. Kazi ya chaki ni rahisi. Timu ikimaliza nyumba, huandika mlangoni tarakimu mbili: chini, watoto wote wa umri wa kuchanjwa; juu, waliochanjwa. Halafu wakubwa hupita kukagua milango. Watoto hawakaguliwi, kwa sababu watoto hukimbia na mlango husimama pale pale.

Kisanduku cha baridi alichobeba begani kilikuwa kitupu. Friji ya chanjo ofisini ilikuwa imezima tangu Jumatano, dawa ikaharibika yote, na mwenye kuitunza alikuwa kwenye semina ya utunzaji wa friji.

"Wewe chora tu," Wakoli, msimamizi wake, alimwambia. "Ripoti inatakiwa saa kumi. Jumatatu tutarudi tudunge."

Fomu ya Nangila ya kumaliza mafunzo ilingoja sahihi ya Wakoli. Akachora. Alipita milango arobaini na mmoja, akiwauliza majirani idadi ya watoto na kuiandika juu na chini. Kwenye mlango wa Jentrix, muuza githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, aliandika 3/3 kwa mwandiko wake ule wa kusifiwa tangu shule ya msingi.

Jentrix alirudi kutoka sokoni jioni, akaiona chaki, akamshukuru Mungu. Kifungua mimba wake, Tabby, msichana wa miaka minne, alimwambia hakuna mtu aliyewadunga. Mtoto aliyechanjwa hupakwa wino kidoleni, na vidole vya Tabby na vya wadogo zake mapacha vilikuwa na matope tu.

"Wacha uongo," Jentrix alisema. "Si imeandikwa hapa?"

Asije mtu akamwita mjinga. Alifundishwa darasani, kanisani na kwenye baraza la chifu kwamba maandishi ya serikali hushinda maneno ya mtoto.

Jumatatu ilifika, ikapita. Wakoli hakurudi Tuwan.

Asubuhi ya siku ya kumi baada ya Ijumaa ile, mlango wa Jentrix ulisema 0/3. Mwandiko ulikuwa ule ule mzuri. Milango yote arobaini na mmoja ilikuwa imejirekebisha. Watu walitoka, wakasoma, wakaenda kazini. Wakoli alimtuma mtu kwa Gunjan, ambaye familia yake imeuza rangi mjini Kitale tangu enzi za babu yake. Gunjan aliuliza rangi ni ya kufunika nini. Alipoambiwa, alirudisha kopo la bei ghali kwenye rafu.

"Chukua hii rahisi, ndugu," alisema. "Hiyo kitu haifunikiki, usipoteze pesa."

Rangi ilipakwa, na sufuri zikatokea juu yake kabla haijakauka.

Jentrix alimfunga pacha mmoja mgongoni, akambeba mwingine kifuani, akamshika Tabby mkono, akaenda ofisini. Karani alifungua daftari.

"Tuwan ilifika asilimia tisini na nane, mama. Dawa yenu ilitumika yote, imeandikwa. Sasa ingine nitoe wapi?"

"Lakini mlango yangu inasema sufuri."

"Mlango si mfanyakazi wa serikali."

Ijumaa ile, saa kumi, mlango ulikuwa mfanyakazi wa serikali. Jentrix hakulisema hilo, ila ninalisema mimi, maana linaniudhi hadi leo.

Nangila naye alimuuliza Wakoli watafanya nini. Wakoli alimjibu kwamba Tuwan wananunua mbao mbaya, na kwamba itakaa sawa yenyewe. Siku iliyofuata Nangila alikwenda Kabuchai, upande wa Bungoma, kwa senge yake Wilkista, dada ya babake, muuguzi wa zahanati moja ndogo katikati ya mashamba ya miwa. Alimweleza yote. Wilkista alisikiliza huku akihesabu bomba za sindano.

"Hata hapa milango iliwahi kusema," Wilkista alijibu. "Watu wakaweka mapazia."

Akampa chupa moja, ya watoto kumi, ndani ya kisanduku chenye barafu.

Nangila alifika kwa Jentrix saa tisa. Tabby alikuwa amelala kwenye mkeka, macho mekundu, vipele vimeanza nyuma ya masikio. Kitabu cha chuo kilieleza hali hiyo katika sura ya nne, pamoja na picha. Aliwachanja mapacha, akaandika tarehe kwenye kadi zao za kliniki mbele ya mama yao. Alipomaliza, chaki mlangoni ilibadilika taratibu mbele yao ikawa 2/3, na Jentrix akaitazama kama anavyotazama githeri isije ikachemka na kumwagika. Dozi nane zilizobaki ziliisha nyumba za jirani.

"Mama Tabby," Nangila alisema, "ni mimi niliandika ile tatu."

"Najua. Ni mwandiko yako." Jentrix alikuwa anampangusa mtoto uso kwa kitambaa. "Ungeandika vibaya, ningeuliza."

Surua iliingia mapafuni. Tabby alikufa Alhamisi, saa nne asubuhi, mamake akiwa amempakata. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio kilikuja Tuwan, kikasikika hadi barabarani, na hakikumfichua mtu.

Siku ya pili baada ya mazishi, mlango ulisema 2/2.

Wakoli alifika mwenyewe, amevaa koti la kampeni, na simu mkononi. Alimpa Jentrix pole. Nangila alikuwa hapo akiosha vikombe vya waombolezaji.

"Si nilisema itakaa sawa?" Wakoli alimwambia Nangila. "Mbili kwa mbili. Hiyo ni asilimia mia, bana."

Kisha akaitoa mfukoni fomu ya Nangila, ikiwa tayari na sahihi. Katika nafasi ya Udhibiti wa Magonjwa ya Kuambukiza alikuwa amempa alama ya juu kabisa. Nangila aliipokea kwa mikono yenye povu. Mtaani, milango mingine kadhaa ilikuwa imeanza kutimia kwa njia hiyo hiyo, na Wakoli alikuwa na kazi ya kuipitia yote kabla ya chakula cha mchana.

Aliinua simu apige picha ya ripoti. Jentrix alikuwa amesimama mlangoni.

"Sogea kidogo, mama," Wakoli alisema. "Kivuli yako imefunika ile namba ya chini."

Jentrix alisogea, na picha ikatoka safi.