Aliyelaliwa na Godoro

Timu haikuweza kukimbia na mpira. Shida ilikuwa hiyo, wala haikufichika. Hata Wanepali wa hapa Doha waliokuwa wakipita zao kwenda kriketi waliiona wakatikisa vichwa. Mechi zote tangu joto lipungue zilikwenda namna moja: Ronny, mkimbiaji wao, anapewa mpira, Ronny anakimbia, Ronny anaangushwa palepale alipoanzia. Siku akibahatika, anaangushwa hatua moja mbele.

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na watu waliovaa helmeti na mabega ya plastiki. Unapewa nafasi nne za kuusogeza yadi kumi. Ukishindwa, unawaachia wenzako nao wajaribu. Mbele kabisa husimama wanaume watano wenye miili, wanaoitwa laini, na kazi yao ni moja: kumsukuma adui ili mwenye mpira apate njia. Hawakimbii na mpira wala hawafungi. Wakifanya vizuri hakuna anayewataja. Mambo yakiharibika, hutafutwa mmoja wao wa kubebeshwa lawama.

Nahashon, kocha, alikwisha kumpata wa kwake. Alikuwa Vuai.

Nahashon mwenyewe alikuwa dereva, mtu wa makamo, mwenye masharubu mazito aliyoyafuga tangu kabla hajaoa na mdomo usiojua kuzunguka. Huko nyuma aliwahi kuendesha gari la familia moja ya Kimarekani, akawa anawapeleka watoto wa nyumba ile mazoezini kila jioni. Madereva wengine walilaza viti vya magari wakakoroma. Yeye alisimama pembeni ya uwanja akatazama, mpaka akajiona anajua. Familia ilipohama Doha ilimwachia magunia ya vifaa, naye akawakusanya walinzi, madereva na watu wa hoteli, Wakenya kwa Waganda kwa Watanzania, akawaambia, "Sasa nyinyi ni timu." Vifaa vilikuwa vya watoto waliokuwa wakikua. Helmeti ya kumtosha mtu mwenye kichwa kikubwa ilikuwa moja tu, na aliyekuwa nayo ni Vuai.

Hapo ndipo mambo yalipokaza. Kijana mmoja anayeitwa Shaun, mlinzi wa jengo kule mtaa wa Najma, mrefu, mabega kama mlango wa ghala, alikuwa amejiunga na timu, naye kichwa chake kilikuwa kikubwa vilevile. Mechi ya mwisho ya msimu ingechezwa Al Wakrah Ijumaa iliyofuata. Anayevaa helmeti ile anacheza. Asiyeivaa anabeba maji.

Walikutana Mesaimeer kwa mazoezi, kama kila Ijumaa. Wakristo walitoka kanisani na mashati yaliyopigwa pasi, Waislamu walitoka msikitini wakinukia udi, wote wakabadili nguo nyuma ya basi dogo. Walipojipanga Nahashon akasema bila hata salamu:

"Vuai, wewe ndiwe tundu la hii ndoo. Helmeti nampa Shaun."

Vuai, mtu wa Pemba, mpole, anayesukuma matoroli ya mashuka katika dobi la hoteli moja, aliitazama helmeti mikononi mwake kama mtu aliyeambiwa amrudishe mtoto aliyemlea.

"Nimekosa nini, mzee?"

"Kila filimbi ikilia wewe uko chini. Wenzako wamesimama, wewe umelala. Unadhani wanakuita Godoro kwa nini?"

"Mie silali peke yangu, mzee. Nalala na mtu."

Kicheko kilichozuka hapo kiliwafanya njiwa waruke. "Toba!" akapiga kelele Salim, yule anayekaa katikati ya laini na kurusha mpira nyuma. "Na mkewe yuko pale anasikia!"

Ni kweli alikuwapo. Time, mkewe Vuai, mpishi wa nyumba moja ya watu wazito, alikuwa amepata ruhusa na amekuja kumwona mumewe akicheza kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, miguuni ana mkate wa kumimina aliouoka alfajiri na kuufunga kwa kitambaa.

Vuai hakucheka. "Nipe leo tu, mzee," akasema. "Nitazame leo. Ukiona sifanyi kitu, helmeti nitamvalisha Shaun kwa mikono yangu."

Nahashon hakuwa mtu wa kukataa kitu mbele ya mke wa mtu. Lakini hakuwa pia mtu wa kukubali kimyakimya. Akayashika masharubu yake.

"Sawa. Na mimi nikiona umefanya kitu, haya nanyoa. Yote."

"Wuuui!" wakapokea vijana. "Kocha amekula kiapo!"

Wakagawana, nusu washambulie nusu wazuie, Shaun akawekwa upande wa kuzuia, uso kwa uso na Vuai, akiwa amevaa kofia ya mwendesha pikipiki. Nahashon akaenda kusimama karibu na Time, kwa sababu hapo palikuwa na kivuli cha basi.

"Shemeji, mchezo huu usikuchanganye," akamwambia. "Wewe mfuate mwenye mpira kwa macho, utaelewa."

"Mwenye mpira mie wa nini? Simjui. Mie nimekuja kumtazama mume wangu."

Filimbi. Ronny akapewa mpira, akakimbilia pembeni kabisa, akakutana na watu watatu, akalala. Time akapiga makofi.

"Unashangilia nini? Hatujapata kitu."

"Kamlaza yule wa soksi nyekundu! Hukumwona?"

Wa soksi nyekundu alikuwa Shaun. Nahashon hakumwona, maana macho yake yalikuwa kwa Ronny. Filimbi ya pili. Ronny akaenda upande mwingine, akalala na huko.

"Kamlaza tena!" Time akainuka. "Nyie mnamwita Godoro, mbona hamuulizi nani kalaliwa?"

Swali lile lilimwingia Nahashon kama mwiba wa samaki. Akaamua safari hii amtazame Vuai peke yake. Si jambo jepesi. Macho hukimbilia mpira kama nzi na haluwa, hata ukiyakataza. Mwishowe aliishusha kofia yake upande wa kushoto ikamziba asimwone Ronny kabisa, akabaki anachungulia upande wa kulia.

Akamwona Vuai akiinama. Hakumtazama Shaun usoni wala mabegani. Alitazama miguu. Shaun aliponyanyua mguu mmoja tu, Vuai akamwingia chini ya kifua, akamgeuza, akamsukuma hatua kwa hatua kama toroli la mashuka, kisha akamlaza na kulala juu yake. Palipokuwa na Shaun pakawa na njia ambayo ungepitisha lori la maji, na dereva asikunje vioo.

Nahashon akaiinua kofia haraka amwone Ronny. Ronny alikuwa amefika pale penye njia. Mbele yake hakuna mtu. Akasimama ghafla kama aliyeona nyoka, akageuka, akakimbilia pembeni walikokuwa wakimngoja wale watatu.

"Wewe kijana!" Time alikuwa amevua kiatu, anakielekeza uwanjani. "Mlango mume wangu kaufungua, wewe wapitia dirishani! Huna adabu?"

Nahashon akapuliza filimbi mpaka ikakwaruza.

"Ronny! Kuja hapa. Njia umeiona?"

"Nimeiona, mzae."

"Hukupita kwa nini?"

Ronny akajikuna shingo. "Si hiyo ni faulo?"

"Faulo gani?"

"Kujificha nyuma ya mwenzako. Kwa raga hiyo ni penalti, mzae. Ukiwa na mpira huwezi kupita nyuma ya mtu wako akukinge. Kocha wetu Kakamega ukifanya hivyo alikuwa anakuzungusha uwanja ukiwa umebeba gogo. Najua huu mchezo ni mwingine. Kichwa kinajua. Lakini miguu inakataa."

Nahashon akawageukia wengine polepole. "Nani mwingine hapa amecheza raga?"

Mikono ikapanda. Wakenya wakapandisha, Waganda wakapandisha. Wenzake Vuai wanne wa laini wakapandisha wote, Salim naye akiwamo, maana alisomea Mombasa.

"Na nyinyi wa laini, Ronny akija nyuma yenu, huwa mnafanya nini?"

Wakatazamana. Akajibu Job, Mganda, mlinzi wa benki, mtu mwenye heshima zake. "Tunasogea kidogo, kocha. Tusimzibe adui njia. Refa asituone vibaya."

"Mnasogea." Nahashon aliuma neno lile kama mtu anayejaribu jino bovu. "Msimu mzima adui anakuja kumvunja mwenzenu, na nyinyi mnampisha apite. Karibu, bwana, mwenye mpira yuko nyuma."

"Si kumpisha, kocha. Ni kuheshimu sheria."

"Sheria ya mchezo gani?"

Kisha mtu akacheka puani, mwingine akafuata, na dakika ile ile timu nzima ikawa imekaa chini kwenye nyasi inajishika mbavu. Nahashon peke yake hakucheka. Yeye raga hakuicheza. Raga kwao ilikuwa mambo ya sekondari, na sekondari yeye aliipita kwa nje akisukuma mkokoteni wa maji. Ndiyo maana kosa lile hakulijua. Na ndiyo maana mtu pekee aliyekuwa anafanya kazi sawasawa ndiye aliyeonekana mbovu: Vuai naye raga hakuijua. Kwao Pemba alicheza na ng'ombe, ule mchezo wa kumkabili fahali katikati ya watu wanaopiga ngoma.

"Ng'ombe ukimtazama pembe atakupata," Vuai akaeleza alipoulizwa habari ya miguu. "Mtazame kwato. Pembe zadanganya, kwato hazidanganyi."

"Kwa hiyo mimi ni ng'ombe?" Shaun akauliza, nyasi zimemjaa masikioni.

"Ng'ombe mzuri, yakhe. Wa watu kutozwa kiingilio."

Nahashon akaichukua helmeti, akamrudishia Vuai mbele ya wote. "Nilikosea," akasema. Hakuna aliyemdai jingine, ila Salim aliyefanya vidole viwili kama mkasi chini ya pua.

"Mkishinda Al Wakrah," Nahashon akajitetea. "Tusikimbilie kinyozi."

Wiki ile watu wa Najma waliona maajabu. Nahashon alikuwa ametoa amri kwamba Ronny, kila akiwa na Vuai, atembee nyuma yake mkono umemgusa mgongo, mpaka miguu izoee. Wakaenda dukani hivyo. Wakaenda kunyoosha shati hivyo. Muuza chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, mzee wa Kihindi kutoka Kerala, alimwona Ronny akiongozwa kibandani kama kipofu anayepelekwa msikitini, akamsikitikia, akakataa kupokea malipo yake. Ronny hakumsahihisha, akanywa. Kesho yake Job na wenzake wa laini wakaja nao wamefumba macho, wameshikana migongo foleni nzima, wakitaka chai. Mzee akawafukuza na kijiko.

Ijumaa ikafika. Wapinzani walikuwa walimu wa shule za kigeni, watu waliokula wakashiba tangu utotoni, jezi zao zina majina mgongoni. Jua la alasiri lilikuwa laini, upepo wa baharini unapepea, na Time alikuwa pale na kiti chake na mkate mwingine, mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Mwanzo ulikuwa kama zamani. Ronny akapewa mpira, miguu ikakataa, akaenda dirishani, akaangushwa. Mara ya pili hivyo hivyo. Walimu wakaanza kucheka. Nahashon akahisi masharubu yake yakiwa salama, na akashangaa kuona kwamba hakufurahi hata kidogo.

"Mkono!" akanguruma. "Mkono mgongoni, wewe!"

"Mshike mume wangu!" Time akapokea. "Nimekupa ruhusa!"

Salim akarusha mpira nyuma. Vuai akatazama kwato. Mwalimu aliyekuwa mbele yake, jitu lenye ndevu, alinyanyua mguu, akang'olewa ardhini. Na safari hii Job hakumpisha mtu. Alimkumbatia wa kwake kwa heshima zote na kumkalisha. Ronny akaweka kiganja kwenye mgongo wa Vuai, akafumba macho (mwenyewe alikiri baadaye), akapita.

Upande wa pili hakukuwa na mtu. Alipofumbua macho aliona nyasi, nyavu na bendera tu, akapiga ukelele wa mtoto aliyeachiwa baiskeli, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja, na angeendelea mpaka baharini kama si ukuta.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Walipita mlangoni mara kwa mara, wakati mwingine bila haja. Shaun, asiye na helmeti, alikimbia pembeni na chupa za maji akimwonyesha Vuai kwa kila mwalimu aliyelazwa: "Huyo! Huyo ndiye alinilaza na mimi! Si utani, ama ni utani?" Filimbi ya mwisho ilipolia, Vuai alikuwa chini kama kawaida. Walimwinua juu juu, na chini yake akatoka yule mwenye ndevu, akampa mkono akicheka.

Walikwenda wote kwa kinyozi wa Najma, na jezi zao, na jasho lao, wakajaa mpaka mtaani. Time alishika taulo. Kinyozi aliuliza mara mbili kama ana hakika.

"Nyoa," Nahashon akasema. "Niliutazama mpira, sikumtazama mtu. Nyoa."

Gharama za ushindi ule zilikuwa hizi. Helmeti kubwa, moja, ilipasuka utosini haifai tena. Jino moja la Ronny, la mbele. Mkate wa kumimina, mzima, uliokaliwa na Salim kwa furaha. Sauti ya Time, iliyokwenda kabisa akawa anaagiza vitunguu jikoni kwa ishara. Na masharubu ya Nahashon, pande zote mbili, pamoja na salamu za mkewe Milka kutoka Kenya, ambaye usiku huo aliangalia uso uliojitokeza kwenye simu, akauliza huyo ni nani, na simu ya mume wake ameipata wapi.