Jiwe Moja la Upepo

Asubuhi ya Jumatatu Magdaline alianika nepi za mtoto kwenye kamba iliyopita mbele ya milango yote ya ploti yao pale Gatwekera. Aliporudi kuzianua alasiri, ile ya mwanzo, mbele ya mlango wa Lenah, ilikuwa imeganda ikawa ngumu kama ubao wa kukatia mboga. Za katikati zilikuwa zimekauka na kushika vumbi. Ya mwisho, mbele ya mlango wa mzee Khamala, ilikuwa bado inachuruzika, kwa kuwa mvua ilinyesha pale kila siku wakati wa chai na kukoma kabla ya giza. Magdaline aliiegemeza ukutani ile iliyoganda ili iyeyuke, akaingia ndani na beseni.

Mambo yalikuwa hivyo tangu ukuta uanze kupanda. Ulikuwa ukuta wa mawe wa estate mpya, upande wa mashariki, na kila kosi, yaani kila safu ya mawe iliyoongezwa, ilipanga upya hali ya hewa ya ploti. Lenah, aliyeuza samaki Soko la Toi, alipata barafu. Hakulalamika, maana mbuta wake walilala siku tatu na bado macho yao yalikuwa yanang'aa.

"Hii ni friji bila stima," alisema, "na keateka anayekusanya kodi bado hajajua."

Mzee Khamala, fundi cherehani, alishona chini ya mwavuli na akapanda nduma zipendazo maji chini ya kitanda. Ambrose, kijana aliyepiga pasi mitumba, ndiye aliyeangukiwa na bahati: chumbani mwake palikuwa na jua la upole mchana na kaubaridi jioni, na aliyeingia mle alitoka akipumua kama mtu aliyetoka kuoga. Chumba cha Magdaline na mumewe Okeyo kilikuwa jangwa. Kila asubuhi alifagia mchanga uliojilundika mlangoni ndipo awashe stovu.

Mtoto wao Aketch alikuwa hajatimiza mwaka, na jangwa lilikuwa limemwingia kifuani. Alipumua kwa mluzi. Nesi wa kliniki alimwambia Magdaline amtoe mtoto kwenye vumbi, kisha akaita mgonjwa aliyefuata.

Ploti ilikuwa na chama cha vyombo. Kila Jumamosi mmoja wao alipata zamu, leo sufuria, wiki ijayo sahani. Kikao kiliamua vyombo visubiri, zamu sasa iwe ya chumba cha Ambrose. Ambrose alikubali, mradi asipelekwe kwa Lenah.

"Mama Aketch aanze," Lenah alisema. "Sisi vifua vyetu vimezoea kubeba maneno."

Basi Jumamosi ikawa siku ya vitanda. Magdaline na mumewe walihamia chumba cha Ambrose, Ambrose akaenda jangwani kwao, na mtoto akalala bila mluzi. Lakini wiki haijafika katikati, kosi nyingine ilipanda, ile hewa njema ikasogea mlango uliofuata na jangwa likaifuata nyuma. Kitanda kikabebwa tena, kikawekwa juu ya nduma za mzee Khamala. Kosi nyingine ikapanda, hewa ikapita mlango wa mwisho na kusimama njiani, kando ya mtaro, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuweka kitanda. Huko kina mama walipeleka vigoda na watoto, wakakaa kwa zamu mpaka harufu ilipowashinda, na kila kitanda kikarudi kwao.

Okeyo alikuwa mmoja wa mafundi waliojenga ukuta huo. Hakuna jirani aliyemlaumu. Kazi ilikuwa imepatikana kwa shida, na asubuhi akipita na mwiko wake wa saruji walimtakia siku njema.

Jioni moja Magdaline alifunga mtoto mgongoni akaenda Kawangware, kwenye masomo ya watu wazima katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu Nyamai alikuwa ametundika ramani ya dunia. Alieleza kwamba tabia za nchi hugawanywa kwa joto, kwa mvua, na kwa mimea inayokubali kuishi mahali. Zinaumbwa na umbali kutoka ikweta, kimo, bahari, pepo na milima. Upepo wa bahari, alisema, hupanda mlima ukiwa na mzigo, huutua upande ule wa kwanza, halafu hushuka upande wa pili mikono mitupu. Magdaline aliinua mkono.

"Mwalimu, na ukuta?"

"Ukuta si mlima, mama Aketch."

"Hata kama unaongezwa kila siku?"

Nyamai aliweka kidole kwenye mlima wa ramani. "Basi itategemea unalala upande gani," alisema, na wanafunzi wote wakaandika.

Aliporudi, Okeyo alikuwa akila ugali na omena, akiutema mchanga polepole.

"Baba Aketch, kesho usiweke jiwe moja."

"Gani?"

"Lolote linaloangalia mlango wetu."

"Jiwe likikosa, msimamizi ataona."

"Na huyu mtoto, mluzi wake hausikii?"

"Msimamizi hukaa upande ule," alisema Okeyo. "Kule ndege wanaimba sana."

Kesho yake hakuliweka. Upepo ukapita pale ukiwa na umbo la jiwe, wenye pembe nne kali, ukainama chini ya kamba ya nguo, ukaingia ndani na kukaa kitandani. Mchanga ukatulia. Mluzi wa Aketch ukakatika, akalala kutwa nzima kiganja kikiwa wazi. Magdaline alikaa kando yake akisoma jiografia kwa sauti ndogo, akiogopa kuinuka. Aliwaza kwamba hewa ikidumu hivi, mtoto atatembea kabla ya Krismasi, na yeye atafanya mtihani.

Munyao, msimamizi wa mafundi, aligundua tundu kutokea upande wa pili, kwa sababu waridi za estate zilikuwa zimeanza kuinama kuelekea Gatwekera. Hakufoka. Aliuliza ni nani aliyejenga sehemu ile, Okeyo akasema ni yeye. Munyao akamwambia azibe mwenyewe, maana ndiye aliyejua saizi.

Okeyo alichanganya saruji, akachagua jiwe na kulichonga likae sawasawa. Kabla ya kulisukuma alishika juala lake, mfuko wa plastiki wa kubebea chakula, akaliweka mdomo wazi kwenye tundu mpaka likajaa upepo, akalifunga kwa uzi. Kisha akaziba.

Jioni alilileta nyumbani kwapani. Magdaline alilegeza fundo kidogo juu ya kifua cha mtoto, kwa muda wa kuimba wimbo mmoja wa kubembeleza, akalifunga tena. Lenah alichungulia mlangoni akauliza kama upepo huo nao utaingia kwenye zamu ya chama. Walimwambia ndiyo, ukibaki.

Haukubaki. Asubuhi Magdaline alifagia mchanga, akawasha stovu, akaanika nepi mbali na mlango wa Lenah. Ndani mluzi ulikuwa umeanza tena. Okeyo alilikunja juala tupu, akalitia mfukoni, akachukua mwiko wake na kwenda kupandisha kosi nyingine.