Mazungumzo ya Nyuma ya Zizi

Daktari Ursula alimkagua Mama Nyangi kinywa, akamgeuza ubavu kuona kama mgongo umeanza kuchubuka, akamuuliza kama dawa ya maumivu imemfungisha choo. Mama akasema choo alipata jana, kwa msaada wa papai. Daktari akavuta morfini ya maji kwa bomba la plastiki, akamnywesha taratibu, akamfuta kidevu. Ndipo Revocatus, mtoto wa kwanza wa mama, akakohoa mlangoni.

"Dokta, naomba tuongee pembeni."

Ursula alimfuata kwa hasira. Kila nyumba, kuanzia Musoma mjini hadi huku vijijini Bunda, lazima aitwe pembeni. Hapa pembeni ni nyuma ya zizi, kwenye nzi na samadi, wakati mwenye ugonjwa wake yuko ndani na akili zake timamu.

"Usije ukamwambia ni saratani," Revocatus alinong'ona. "Sisi tumemwambia vidonda vya tumbo. Akijua atakata tamaa."

"Kila nikija ananiuliza, nami nampiga chenga kama mwizi. Ugonjwa umeshasambaa, Revocatus. Kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Siku zake zinahesabika, na ana haki ya kujua."

Walipogeuka wakakuta kitanda. Kilikuwa kimetoka chumbani, kikavuka ua, kikasimama kando ya zizi na Mama Nyangi juu yake, shuka limemfika kifuani. Kilikuwa kitanda cha mninga, kipana kuliko mlango. Revocatus alishika kichwani, daktari miguuni, wakakirudisha ndani wakilalamikia uzito wake.

"Mlikuwa mnasemaje?" mama aliuliza njiani.

"Habari za mvua, mama," Revocatus akajibu.

Safari iliyofuata waliongelea shambani. Kitanda kikawafuata, kikalaza mistari ya pamba, na Revocatus akasikitikia pamba. Akakifunga kwenye nguzo kwa kamba ya ng'ombe, kisha mazungumzo akayahamishia Musoma, ofisini kwa daktari. Kitanda kikakata kamba, kikashika lami. Stendi ya Bunda wauza ndizi walimwamkia mama, naye akaitikia marahaba. Kwenye njia panda ya Butiama trafiki alikisimamisha, akaona hakina taa za nyuma, akamsihi mama abane kushoto.

Kiliingia ofisini kabla Revocatus hajamaliza salamu.

"Mwanangu," Mama Nyangi akamwambia daktari, "mimi nina shida moja tu. Binti yangu Esther yuko Mwanza, na tuliachana vibaya. Kama napona, nitamsubiri aje mwenyewe. Kama naenda, nataka nimwone. Nyie mnaongeaga huko nje, mimi nabaki naangalia bati."

"Mama, unapona!" Revocatus alidakia. "Mgonjwa gani anatoka Bunda mpaka Musoma na kitanda chake? Nguvu hizo umezitoa wapi?"

Ursula alikuwa amechoka, tena amechoka kweli. Akavuta kiti, akakaa mpaka uso wake ukalingana na wa mama, akamshika mkono.

"Mama, ni saratani. Haitapona. Maumivu nitayashughulikia mpaka mwisho, sitakuacha. Lakini Esther mwite leo."

Mama alifumba macho. "Ahsante. Nilikuwa najua. Nilikuwa nangoja mwenye adabu wa kuniambia." Akamgeukia mwanawe. "Mpigie mdogo wako."

Simu ya mama alikuwa nayo Revocatus, ati mama asisumbuliwe. Akatoka nayo hadi nyuma ya jengo, kitanda kikamfuata, na daktari nyuma yake.

"Esther, mama anaendelea vizuri," alisema. "Hapana, usihangaike kuja. Leo ametoka nyumbani mpaka Musoma, mwenyewe." Akakata, akamweleza daktari, "Yule ana presha. Nikimwambia atazimia."

Ursula aliomba namba ya Esther. Revocatus akasema mambo ya familia yaachiwe familia. Mama Nyangi, aliyesikia kila neno, hakubishana naye. Aliomba dawa ya njiani. Daktari akaweka chupa chini ya mto, akamkumbusha vipimo, akakifungulia kitanda geti. Kikashika barabara ya Mwanza.

Revocatus alifuata nyuma kwa pikipiki, akimpigia Esther kila penye mtandao kumweleza jinsi mama alivyochangamka, leo kaipita Bunda bila hata kupumzika. Esther akafurahi, akaona hakuna haraka, akapanga kuja Krismasi.

Mama Nyangi alifariki mchana, mbele kidogo ya Bunda, upande wenye upepo wa ziwa. Hakuwa na maumivu, na hilo Ursula aliliandika kwenye faili kwa hasira, kwa kuwa ndilo pekee aliloruhusiwa kulifanya.

Msibani Esther aliambiwa ilikuwa ghafla tu. Alikuwa amebeba mfuko, na ndani yake raba mpya za kike, nyepesi, zenye soli laini. Alikuwa amezinunua baada ya kusikia kwamba siku hizi mama anatembea sana.