Fungu la Harusi ya Mama Mdogo

Baba mkwe alishusha upinde wa chelo kabla wimbo haujafika nusu, akaulaza juu ya magoti kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, kisha akatazama dirishani.

"Huu si wa kuingilia," alisema. "Huu ni wa watu wakishakaa, wakishavua na viatu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi mkabala naye, nimejaa uhakika. Wakati ule nilifanya kazi redioni. Mimi ndiye niliyeamua wimbo gani utangulie taarifa ya habari na upi uifuate, na hakuna msikilizaji aliyewahi kupiga simu kulalamika. Nilijiambia kuwa mtu anayeweza kuwapangia muziki maelfu asiowaona hawezi kushindwa na wageni wa harusi moja. Basi nilikuwa nimempangia nyimbo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, naye alikuwa anazirudisha moja baada ya nyingine, kwa upole, bila kupandisha sauti, mpaka nikaanza kujihisi kama fundi cherehani anayerudishiwa suruali ileile kila siku.

Chelo, kwa ambaye hajaiona, ni fidla iliyokua ikapitiliza. Haibebwi begani, inasimama sakafuni, mpigaji anaketi na kuikumbatia kwa magoti, na sauti yake iko karibu sana na ya mwanamume anayezungumza peke yake chumba cha pili. Baba mkwe alijifunza kuipiga chuoni, alipokuwa anasomea ualimu wa hesabu, na hakuiacha tena. Lakini aliyeijulisha chelo ile kwa mtaa mzima hakuwa yeye. Alikuwa mkewe.

Mama mkwe hakujua kupiga hata uzi mmoja. Kazi yake ilikuwa kuchagua. Nyimbo alizojua mumewe yeye alizigawa mafungu, na kila fungu lilikuwa na wakati wake. Kulikuwa na fungu la kiangazi, la jioni za uani watu wakikimbia joto la ndani, na fungu la mvua, la majirani waliokuja kubisha hodi yakianza matone ya kwanza. Kulikuwa na fungu la mahafali, na fungu la wanaostaafu, lililokuwa na uchangamfu kuliko la mahafali. Fungu la mtoto mchanga lilikuwa fupi mno, kwa sababu, alisema, mtoto mchanga hana subira ya utangulizi. Fungu la kuaga lilikuwa la mazishi. Watu walikuja mlangoni wakaomba fungu kama wanavyoomba kilo ya sukari, naye mama mkwe angewauliza maswali mawili matatu: wazee watakuwa wengi? Bibi harusi ni mwoga au ni msemaji? Kisha angemgeukia mumewe na kumwambia aanze na upi. Hakuandika kitu. Vyote vilikaa kichwani.

Alipofariki, baba mkwe alilipiga fungu la kuaga lote, mpaka ule wimbo wa mwisho, wa taratibu, ambao mkewe aliupenda kuliko nyimbo zote na ambao hakuruhusu upigwe mahali pengine. Tulisimama pale tukimsikiliza, mume wangu kanishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Kisha mzee akarudi nyumbani, akaisimamisha chelo nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, akaifunika shuka. Hakukasirika, hakuacha kula, alitania wajukuu kama kawaida. Ila kila aliyekuja kuomba fungu alipewa jibu moja: mpangaji wa nyimbo hayupo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha mama mdogo akapata mchumba.

Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama mkwe, mwalimu wa udereva, mwanamke mwenye sauti ya kusikika juu ya injini yoyote. Maisha yake yote aliishi peke yake na hakuonekana kupungukiwa na kitu. Nywele zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeupe alipokwenda kutengeneza miwani, na fundi miwani, mwanamume mpole aliyefiwa na mke, mwenye vidole vyembamba, akampima macho siku ya kwanza, akamwomba arudi apimwe tena, kisha akamwomba arudi mara nyingine. "Aliniita mpaka nikamuuliza kama ni macho yangu yanayoharibika au ni yake," alitusimulia, na sisi tukacheka hadi machozi.

Alikuja kwa baba mkwe Jumamosi moja tukiwa wote sebuleni. Akaamkia, akaketi, akanyoosha miguu.

"Shemeji, naolewa. Nataka fungu la harusi."

Baba mkwe akamjibu kama alivyowajibu wengine, kwamba mpangaji hayupo. Mama mdogo hakubishana. Aligeuza shingo taratibu, kama anavyotazama kioo cha pembeni kabla ya kupita gari lingine, akanitazama mimi.

"Huyu si mpangaji? Si analipwa kwa kazi hiyohiyo?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisema naweza. Baba mkwe akainuka akaenda chumbani, na tukasikia shuka ikikung'utwa.

Ndivyo nilivyofika kwenye lile kochi. Jioni baada ya jioni nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja kwake, nikapanga, akarudisha. Mume wangu, anayeendesha malori ya masafa, alinipigia simu kutoka njiani kuuliza kama bado ana mke au ameshamwazima baba yake. Nilichoka. Siku moja nikakata tamaa kabisa, nikamuuliza baba mkwe waziwazi: mama alikuwa anafanyaje?

Alifuta kwa kitambaa unga wa ulimbo uliodondoka kutoka kwenye upinde juu ya mbao za chelo.

"Hakunitazama mimi hata siku moja," alisema. "Mimi nilikuwa namtazama yeye, yeye anawatazama watu."

Kuanzia hapo mambo yakaanza kukaa sawa. Niliacha kupanga nyimbo nikaanza kupanga wageni. Nilimuuliza mama mdogo nani na nani watakuja, nani ana magoti mabovu, nani hawasalimiani. Baba mkwe akakubali wimbo wa kwanza, akakubali na wa pili. Tulianza hata kutaniana. Tukadhani tumemaliza.

Ndipo mama mdogo akaja kusikiliza. Alikaa mpaka wimbo wa mwisho, kisha akasema fungu ni zuri lakini limepungua wimbo mmoja. Aliutaja kwa kuuimba, midomo ikiwa imefumba. Ulikuwa ule wa taratibu. Wimbo wa mwisho wa fungu la kuaga.

Baba mkwe alisimama. Nilikuwa sijawahi kumwona akisimama ghafla. Alisema huo ni wimbo wa mazishi, kila mtu mtaani anaujua kuwa ni wa mazishi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeuleta ukumbini kati ya mapambo. Mama mdogo akamsikiliza.

"Mimi nina ndugu mmoja tu, shemeji," alisema. "Sina njia nyingine ya kumwalika. Asipokuja, siolewi."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Na kwa kuwa tulimjua, tulijua hatanii. Fundi miwani alikuja kesho yake, amekunja kofia mikononi, kuuliza kama kuna kitu amekosea.

Siku kadhaa zikapita, chelo haikuguswa. Mume wangu alikuwa amerudi, akajaribu kusema na baba yake, akatoka na mikono mitupu. Mimi nikaenda mwisho. Nilimkuta jikoni anamenya viazi, nikachukua kisu kingine nikamenya naye. Viazi vilipokwisha akaniambia, akitazama maganda, kwamba hajali watu watasema nini. Anachoogopa ni mkono wake. Akiugusa wimbo ule mkono utakwama, na ukikwama mbele ya watu, harusi ya yule mwanamke itageuka kilio, na kilio hicho kitakuwa chake yeye.

Nilichokuwa nacho ni kile alichonifundisha mwenyewe. Nikamwambia kwamba hatutaupangia nafasi. Hatakaa anausubiri, hatahesabu zimebaki ngapi kabla yake. Nitaketi mahali atakaponiona, mimi nikiwatazama watu. "Nikikutikisia kichwa, baba, utaupiga. Nisipokutikisia, hutaupiga, na lawama zote nitabeba mimi."

Alinitazama kama aliyekuwa anasubiri kwa muda mrefu mtu wa kumpokea mzigo begani. Akaniuliza kama nimetia chumvi maji ya viazi. Nikajua amekubali.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa mapema. Wanafunzi wa udereva walikuja makundi kwa makundi, wengine wenye leseni zilizotoka juzi, na wakaegesha magari nje kwa ustadi wa kujionyesha. Baba mkwe alivaa suti ya kijivu, akaketi pembeni ya jukwaa, chelo ikiwa katikati ya magoti. Nami nikaketi kwenye kona ya meza ya kwanza, mahali ambapo angeniona.

Wimbo wa kuingilia ulikwenda vizuri. Mama mdogo aliingia akitembea kwa kasi kidogo, fundi miwani akimfuata mbio nusu hatua nyuma. Wa wazee ukawainua wazee, hata wa magoti mabovu. Chakula kikaja. Kelele za sahani, vicheko, hotuba ya mwanafunzi mmoja aliyesimulia jinsi mwalimu alivyomshusha garini katikati ya barabara ili atafakari. Mara kwa mara baba mkwe aliinua macho kunitazama, nami nikatazama kwingine. Bado. Nilianza kuwaza kwamba huenda wakati wake hautafika, na kwamba nitarudi nyumbani na aibu yangu mkobani.

Kisha sahani zikaondolewa, na ukumbi ukashusha pumzi kama watu walioshiba wanavyofanya. Watoto walikuwa wamelala juu ya viti vilivyounganishwa. Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa amevua viatu, ameegemea kiti, na alikuwa haongei. Hakuwa na huzuni. Alikuwa tu amenyamaza, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumkuta kimya mbele ya watu. Nikamgeukia baba mkwe, nikatikisa kichwa.

Sauti ya kwanza ilitoka na mkwaruzo. Watu wawili watatu waligeuka. Niliona upinde ukiteleza, nikakaza vidole chini ya meza. Hakuacha kupiga. Sauti ya pili ikakaa, ya tatu ikanyooka, na wimbo ule ukaanza kutembea taratibu ndani ya ukumbi, ukipita kati ya meza. Waliokuwepo mazishini waliutambua. Niliona nyuso zikibadilika. Hakuna aliyelia kwa sauti. Mama mdogo aliinuka peku, akaenda kusimama karibu na shemeji yake, mkono mmoja juu ya egemeo la kiti chake. Fundi miwani, asiyejua afanye nini, akamfuata amembebea kiti, akakiweka, na kwa kuwa mkewe hakukaa, akakaa yeye. Watu wakatabasamu wakiwa na machozi machoni.

Wimbo ulipofika mwisho, baba mkwe aliivuta ile sauti ya mwisho kwa muda mrefu. Nilisubiri anitazame nimpe unaofuata. Hakunitazama. Sauti ileile, bila kuukatisha upinde, akaanza kuipa mwendo, kwanza kama anaijaribu, kisha kwa furaha ya wazi, na kabla hatujaelewa kilichotokea, tulikuwa tumeshaingia kwenye wimbo wa kucheza. Mama mdogo alimvuta mumewe kutoka kwenye kiti. Viti vikasogezwa.

Tukiwa njiani kurudi, mume wangu akiendesha, baba mkwe alinieleza kutoka kiti cha mbele bila kugeuka. Wimbo wa mwisho wa kuaga na wimbo wa kwanza wa kucheza zinakutana kwenye sauti moja: mmoja unaishia pale mwingine unapoanzia. Alikuwa amezipiga maisha yake yote, mmoja makaburini, mwingine ukumbini, na mkewe ndiye aliyeziweka hapo zote mbili.

"Mwalimu mzima wa hesabu," alisema, "na sikuona."

Akacheka. Alicheka mpaka mume wangu akapunguza mwendo.

Wiki chache baadaye nilikuwa kazini, adhuhuri, jua kali nje ya dirisha la studio, simu ya mezani ikalia. Alikuwa baba mkwe. Alisema upande wao mvua imeanza, majirani wameshabisha hodi, na chelo iko tayari. Aanze na upi?

Nilifungua mdomo nimtajie, nikaufunga.

"Watu wa barabarani wanakimbia au wanatembea?" nilimuuliza.

Nikasikia simu ikiwekwa mezani, ndala zikiburuta kwenda dirishani, kisha zikirudi.

"Wanatembea," alisema. "Mmoja hata mwavuli ameufunga."