Maji Niliyomchemshia Bontu

Wenzangu mnaochota kwenye kisima kirefu cha huku Bondeni, someni haya. Naandika mwanangu Bontu yuko ubavuni mwangu, kafumba mdomo.

Alipokuwa mchanga, kuhara kuliua watoto wawili kwa jirani. Nikaapa wangu hatakunywa tone lisilochemka. Sufuria ilikaa jikoni mpaka maji yapungue nusu. Dinke, jirani mwingine, alikuwa akipita ananicheka.

"Mama Bontu, unachemsha maji au fupa la ng'ombe?"

"Cheka tu, dada. Wako anaharisha, wangu haharishi."

Na meno ya utoto yalitoka meupe pe. Niliringa nayo. Alipofika miaka saba yakaanza kung'oka, na jino la kwanza la ukubwani likachungulia: la kahawia, lina vishimo kama jiwe la kusugulia miguu. Nikalisugua kwa majivu hadi ufizi ukatoa damu.

Kwenye kliniki ya meno mjini Adama, daktari aliuliza habari za maji. Nikamweleza, tena kwa majivuno.

"Mama, maji yenu yana floraidi nyingi. Ukichemsha, unaoondoka ni mvuke. Floraidi inabaki sufuriani. Umemzidishia."

"Mbona maziwa anakunywa kila siku?"

"Maziwa hayana kosa. Jino huanza na protini. Hiyo ndiyo inayoshika umbo, madini yanaingia, halafu protini inaondoka ili jino likaze. Floraidi ikizidi, protini hiyo haiondoki kwa wakati wake."

Hapo nikaelewa. Mkate wetu, kabla ya kuuoka, tunaufunga kwa jani la koba, ule mmea mfano wa mgomba. Jani ndilo linaloshika donge, lakini usipolibandua hupati ganda gumu.

"Basi tuyaokoe meno yaliyobaki, daktari."

"Yameshajengeka ndani ya taya, mama. Yanangoja kutoka tu."

Njiani Bontu akaniuliza, "Mama, yote?"

Nikamwambia tembea, jua kali.

Kingeni mvua kwenye bati, mumwekee mtoto tangu tumboni, msingoje jino liwaambie. Mimi nilinunua pipa baada ya siku ile. Mwaka huu mvua haijanyesha, pipa lina vumbi. Sifan, mdogo wake Bontu, ana miezi kumi. Nimeacha kuchemsha hadi nusu, yakitokota tu naepua. Daktari alisema hata hivyo hayafai.

Sasa hivi Sifan analia kiu. Bontu ameshika kikombe, ananitazama nimwambie ampe au asimpe.

Mpe, mwanangu.