Aliyesema Kweli Kikundini

Vijana wa kikundi walimwita Dada, ingawa kwa umri aliwapita kidogo tu. Kabla ya kuajiriwa kliniki alikuwa mshonaji, na kabla ya hapo alikuwa mgonjwa: akiwa chuoni alivuta bangi mpaka redio ikaanza kumtaja jina, akakimbilia barabarani bila viatu. Ndiyo sababu waliyomwajiria. Daktari alizijua dawa. Yeye alijua ilivyo kuogopa chai uliyopikiwa na mama yako mzazi.

Walikutana kila Alhamisi katika chumba cha nyuma, kati ya stoo na dirisha la dawa. Mabenchi mawili, birika, na vijana wachache waliopitia njia moja: moshi au pombe, halafu sauti.

"Mficha maradhi kilio humfichua," Dada aliwaambia. "Humu hamna hakimu. Aliyeteleza aseme, tumshike mkono."

Aliyemwamini Dada kuliko wote ni kijana waliyempa jina la Mchora, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka. Kucha zake hazikuishiwa rangi, na ulimi wake haukuishiwa utani. Alhamisi moja alikuja bila utani.

"Nimevuta," alisema akiangalia sakafu. "Wiki nzima. Na wale jamaa wa kichwani wamerudi. Wanasema bosi ananitilia sumu kwenye rangi."

"Unawaamini?" Dada aliuliza.

"Asubuhi hapana. Jioni, kidogo."

Hakuna aliyecheka. Msichana aliyeketi naye alimsogezea kikombe chake cha chai. Dada alishukuru moyoni kwamba kijana amesema mapema, mambo hayajaharibika. Baada ya kikao alimwomba ruhusa amweleze muuguzi, ili daktari amwone siku hiyo hiyo.

"Ukisema ni sawa, Dada, ni sawa," Mchora alijibu.

Daktari alimwona, akamwongezea dozi. Lakini muuguzi alimweleza mratibu wa mradi, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, naye akamwita Dada ofisini.

"Kanuni unaijua. Anayetumia anakaa nje ya kikundi mpaka awe safi miezi mitatu."

"Akishakuwa safi miezi mitatu atatutafuta kwa lipi?"

"Mwanangu, samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Sisi wote tumetoka tenga hilo hilo, mama. Hata mimi."

"Wewe umepona." Mratibu alivua miwani akaifuta. "Mwambie wewe. Kutoka kwako atapokea vizuri."

Dada alimwambia wakiwa wamesimama kwenye korido, karibu na mizani ya kupimia wagonjwa. Mchora alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema humu hamna hakimu."

"Nilidhani ile kanuni ni ya kwenye karatasi tu. Haijawahi kutumika."

"Basi wale jamaa hawakunidanganya," alisema taratibu. "Walisema utaniuza."

Akatoka. Kikao kilichofuata nafasi yake kwenye benchi ilibaki wazi, hakuna aliyejisogeza.

Dada alimfuata nyumbani. Mama yake Mchora alimpokea mlangoni, mikono ina povu la sabuni, hakumkaribisha ndani.

"Dawa anakunywa, mama?"

"Anazitema. Anasema zimetoka kwenu." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Sikulaumu, mwanangu. Ila usije tena kwa sasa. Akikuona hapa, hata mimi haniamini."

Mwezi haukuisha, wajomba wa Mchora wakampeleka hospitali amefungwa kamba mikononi. Alikuwa amemkaba bosi wake, akimlazimisha anywe rangi ili athibitishe haina sumu. Bosi aliokolewa na majirani. Kazi haikuokoka.

Dada alipoingia wodini, Mchora alikuwa ameketi kitandani, midomo mikavu kwa dawa. Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Habari yako, muuguzi," alisema.

Alhamisi iliyofuata Dada aliuliza kama kawaida nani ameteleza.

"Niko safi, Dada."

"Mimi pia."

"Safi kabisa."

Mratibu alikuwa amechungulia mlangoni. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Yule msichana wa kikombe cha chai alisema naye yuko safi, na shati lake lilinuka moshi. Wenzake walipotoka alisimama kidogo mbele ya Dada.

"Unisamehe. Si unajua, mwenzako akinyolewa..." Hakumalizia.

"Unalala?"

"Nalala."

"Sauti je?"

"Hakuna," alijibu, kisha akageuka ghafla kutazama kona ya chumba, mahali pasipo na mtu. Akavuta mkoba wake, akaondoka mbio mbio.

Dada alianza kukusanya vikombe. Muuguzi alipita, akamuuliza kikao kimekwendaje leo.

"Kimekwenda vizuri," Dada alisema.